Deni la Mkate Mweusi

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
saa kumi na mbili asubuhi, Duluth bado giza,
damu yetu inatoka kwenda kuoshwa
na sisi tunabaki kuijadili besiboli.
Viti vitatu dirishani: Verna, mimi, Arvo.
Nilikuwa fundi wa mabasi ya shule miaka thelathini na mmoja;
naijua sauti ya pampu iliyochoka,
kwa hiyo mashine ya Arvo siisikilizi.

Jana Makorongo walifungwa tisa kwa mbili.
"Walifungwa?" alisema Verna. "Walianikwa!"
Ana daftari, ana penseli aliyoichonga kwa kisu cha jikoni,
ameandika kila mpira uliorushwa,
kila gongo lililokata hewa.
Awamu ya nne Batán aliwapa watu watatu kambi ya bure,
kisha akarusha mpira mnene, wa katikati, wa hisani,
na mpira ule hadi sasa haujatua.
"Mkono umekwisha. Wamuuze
angali ana jina. Jina nalo huchacha."

Arvo alipakia mawe ya chuma bandarini
mpaka bega likagoma.
Hapendi habari za mikono kwisha.
"Batán alitupa ubingwa."
"Mla ni mla leo, Arvo; mla jana kala nini?"
"Mtu hauzwi kama jokofu."
"Anauzwa. Na jokofu angalau lina dhamana."
Nikacheka, sindano ikanivuta,
Pa Houa, muuguzi, akanitupia jicho: tuliza mkono.

Ndipo gazeti likaja, na ndani yake orodha,
chipukizi wa kuchaguliwa Julai.
Verna alimtaka yule wa chuo kikuu,
mdakaji, miguu mifupi, akili ndefu,
msimu ujao tu yuko uwanjani.
Arvo alivaa miwani. Kidole chake kikashuka,
kikashuka, kikasimama kwa mvulana wa Nebraska,
Hruska, miaka kumi na minane, mkono wa kushoto,
mrefu kama nguzo ya simu,
asiyejua mpira wake unakwenda wapi.
"Huyu."
Nikasoma maelezo kwa sauti. Kosa langu.
Kipaji kikubwa, anahitaji subira,
atakuwa tayari baada ya miaka mitano.

Mitano.

Mashine tatu ziliendelea kuzunguka.
Nje likapita gari la kukwangua theluji, Aprili hii.
Verna akafunua ukurasa usio na kitu.
Sisi hatuhesabu hivyo. Sisi tunahesabu
saa nne, kilo mbili za maji, chumvi,
na kiti cha nne, alichokiacha Bi Oda Tveit
mwezi wa pili, akiongoza kwa ubashiri.

"Huyu," Arvo alirudia. "Na Batán asiuzwe,
abaki amfundishe kushindwa
watu elfu thelathini wakitazama."
"Utapoteza miaka mitano!"
"Ni yangu."

Basi wakawekeana dau: mkate mweusi wa Verna,
ule wa kuokwa usiku kucha,
dhidi ya samaki wa Arvo, wa kukaushwa kwa moshi.
Nani amlipe nani, ligi itasema,
Aprili ya mwaka wa tano, kwenye viti hivi hivi.
Verna akaandika nyuma ya karatasi ya matokeo.
Nikatia sahihi kwa mkono usio na sindano,
ikapinda kama ya mtoto wa darasa la kwanza.
Wakamwita Pa Houa awe shahidi,
yeye asiyejua gongo wala kambi,
aliyewahi kutuuliza golikipa ni yupi.

Alisoma yote, taratibu, hadi tarehe.
Juu ya tarehe hakusema neno.
Aliinama, akazima kengele ya mashine ya Arvo,
akauliza tu, kalamu ikiwa hewani,
"Huyu mvulana wa Nebraska,
jina lake mmeliandika sawasawa?"